Familia ya Karimjee: Kutoka Duka la Zanzibar hadi Kiti cha Spika

Familia ya Karimjee, Mabohora wenye asili ya Kutch nchini India, ilianza biashara Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19, kisha ikapanuka hadi kilimo cha mkonge Tanganyika. Uzito wake wa kisiasa haukutokana na wafuasi, bali na mali iliyogeuzwa majengo ya umma. Abdulkarim Karimjee, aliyewahi kuwa Meya wa Dar es Salaam, alikuwa Spika kuanzia 1956 hadi 1962. Na ni katika Ukumbi wa Karimjee ambamo Nyerere aliapishwa kuwa Rais mwaka 1962. Heshima hiyo, isiyo ndogo kwa wafanyabiashara, haikuwa kinga: baada ya Azimio la Arusha la 1967 sehemu ya mashamba yao ilitaifishwa. Uwakala wa magari ya Toyota, ulioanza 1965, ulibaki.