Watu wa Milimani, Wakazi wa Cincinnati

Kati ya 1940 na 1970, zaidi ya watu milioni 3 walihama milima ya Appalachia, mashariki mwa Marekani. Mashine zilikuwa zimewanyang'anya kazi wachimbaji wa makaa ya mawe, nao wakafuata viwanda vya Cincinnati, Detroit na Chicago.

Hawakuja mikono mitupu. Barazani, katika mitaa ya Cincinnati ya Lower Price Hill na Over-the-Rhine, fidla na banjo zililia. Jikoni maharage yalitokota na mkate wa mahindi ukaokwa kwenye kikaango kizito cha chuma. Itazame banjo kwa karibu: uzi wa tano ni mfupi, haufiki mwisho wa shingo, na hupigwa kwa kidole gumba. Chanzo chake ni kibuyu kilichowambwa ngozi, ala iliyovuka bahari pamoja na Waafrika wa Magharibi waliouzwa utumwani. Wazungu wa milimani walijifunza kwao. Weusi wa milimani, ambao husahaulika mno, nao walihamia mjini.

Wengi wa wahamiaji hawa walidharauliwa kwa lafudhi yao. Mwaka 1974 liliundwa Baraza la Waappalachia wa Mjini kuwatetea. Mwaka 1992, Cincinnati ilipiga marufuku kisheria kumbagua mtu kwa asili yake ya Appalachia.