Ubia wa biashara: Hesabu za kufanya kabla ya kumkaribisha mbia mpya

Bwera ni mji ulio jirani na mpaka wa Mpondwe, unaotazamana na Kasindi nchini Kongo. Huko, kama ilivyo mjini Kasese, watu huunganisha nguvu kibiashara: mmoja hutoa fedha, mwingine mashine, mwingine ghala. Ubia wa namna hiyo huanza kwa kuaminiana. Hujaribiwa siku mtu mpya anapobisha hodi.

Sheria inasemaje?

Kwa mujibu wa Sheria ya Ubia ya Uganda ya mwaka 2010, wabia wasipokubaliana vinginevyo, faida na hasara hugawanywa sawa, hata kama michango yao hailingani. Vilevile, hakuna mbia mpya anayeingia bila ridhaa ya wabia wote waliopo. Naye aingiaye hawajibiki, kwa sababu tu ya kujiunga, kwa madeni yaliyotangulia kuingia kwake.

Kila mchango uandikwe

Kila mbia awe na hesabu yake ya mtaji. Mchango wa kitu huandikwa kwa thamani iliyokubaliwa siku kilipotolewa, wala si kwa bei kilichonunuliwa zamani. Fedha anazochukua mbia kwa matumizi ya nyumbani hupunguzwa katika hesabu yake. Fedha alizoikopesha biashara ni deni, si mtaji. Ziandikwe mahali pake.

Mfano wa hesabu

Tuchukulie wabia wawili wa kahawa wanaogawana sawa. Wa kwanza alitoa shilingi milioni 12 taslimu. Wa pili, mashine ya kukoboa yenye thamani ya milioni 8. Sasa mtu wa tatu anataka theluthi moja ya biashara.

Akipimiwa kwa mtaji wa awali wa milioni 20, atatoa milioni 10. Hapo wenzake watapunjika, kwa kuwa biashara imebadilika:

- Faida isiyogawanywa ni milioni 4. Kila mmoja huongezewa milioni 2.
- Mashine imechakaa, sasa ina thamani ya milioni 6; kila mmoja hupunguziwa milioni 1.
- Jina zuri na wateja wa kudumu wamekubaliana kuvithamini kwa milioni 6. Kila mmoja huongezewa milioni 3.

Wa kwanza sasa ana milioni 16, wa pili milioni 12. Jumla milioni 28. Ili apate theluthi, mgeni atoe milioni 14, na mtaji wote uwe milioni 42.

Kabla ya kupeana mikono

Makubaliano mapya yaandikwe na kutiwa saini mbele ya mashahidi, yakitaja mgao wa faida na namna ya kujitoa. Ikiwa jina la biashara limesajiliwa URSB, mamlaka ya usajili ya Uganda, mabadiliko ya wabia yajulishwe huko.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Katika ubia, hupotea pamoja na urafiki.