Kusaka sarafu na vito mchangani Turkana: kile mtambo unachoona na kile sheria inachosema

Mto Turkwel unapojaa baada ya mvua kunyesha milimani, maji yake huacha vidimbwi ambamo vijana wa Lodwar huoga na kuogelea chini ya miti ya kingoni. Kule Kakuma hali ni hiyo hiyo katika Mto Tarach, ambao kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu. Wenye nafasi husafiri hadi Eliye Springs, ufuoni mwa Ziwa Turkana, ambako chemchemi za maji baridi hutoka mchangani hatua chache tu kutoka ziwa la magadi. Na popote watu wanapovua nguo na kuingia majini, pete huponyoka vidoleni na sarafu hudondoka mifukoni.

Katika nchi za Ulaya na Marekani, kusaka vitu vya namna hiyo kwa mtambo wa kutambua metali ni burudani ya watu wengi wa mwisho wa wiki. Turkana mtambo huo unahusishwa zaidi na dhahabu, inayotafutwa na wachimbaji wadogo katika maeneo ya Turkana Magharibi na Loima, na ng'ambo ya mpaka huko Karamoja, Uganda. Lakini mtambo hauna habari na nia ya aliyeushika. Kelele inayopigwa na punje ya dhahabu inaweza kupigwa pia na pete ya mtu, sarafu ya mkoloni au ganda la risasi.

Jinsi unavyofanya kazi si siri. Ndani ya sahani inayopitishwa juu ya ardhi mna koili ya waya. Umeme unaopita humo huzalisha nguvu ya sumaku inayopenya mchangani, na ikikutana na metali huzua mkondo mdogo wa umeme ndani yake. Mkondo huo nao hurudisha nguvu yake ya sumaku, ambayo mtambo huinasa na kuigeuza kuwa mlio. Mvumbuzi wa simu, Alexander Graham Bell, alitumia kifaa cha aina hiyo mwaka 1881 kutafuta risasi mwilini mwa Rais James Garfield wa Marekani. Hakuipata.

Mchanga wa Turkana unaweza kumshinda hata fundi mzoefu. Sehemu kubwa ya kaunti hii ina miamba ya volkano, na mito huchukua kutoka humo chembe nyeusi zenye asili ya chuma ambazo hujikusanya katika mikunjo ya mto. Mtambo wa bei nafuu hulia mfululizo juu ya mchanga mweusi wa namna hiyo. Ufuoni mwa ziwa shida ni chumvi. Ziwa Turkana halina mto unaotoka, hivyo kila chumvi inayoingia hubaki humo maji yanapokauka kwa jua, na mchanga wenye chumvi ukilowa hupitisha umeme na kuuchanganya mtambo. Kwa sehemu hizo hufaa mitambo inayotuma umeme kwa midundo ya haraka, lakini hiyo haina uwezo mzuri wa kubagua msumari na pete. Anayeitumia hana budi kuchimba kila panapolia.

Sarafu moja, hata katika mchanga mzuri, kwa kawaida haionekani ikiwa chini zaidi ya sentimita 20 au 30. Mafuriko ya Turkwel au Tarach yanaweza kusogeza mchanga wa kimo hicho kwa usiku mmoja. Kitu kizito huzama hadi kikutane na tabaka gumu, au husombwa hadi mahali ambapo mto unapinda na maji kupunguza kasi. Mtu aliyepoteza pete yake mwaka uliopita afadhali atafute chini ya mkondo kuliko pale alipoogea. Ziwani, nako, ufuo wenyewe huhama. Maji yamepanda katika miaka ya karibuni na kumeza fukwe na majengo, kwa hiyo mahali palipokuwa pa kuogelea zamani huenda leo pakawa chini ya maji, penye mamba.

Ni sarafu gani zinazoweza kupatikana? Rupia zilitumika katika Afrika Mashariki ya Waingereza hadi mwaka 1920, ikaja florini iliyodumu muda mfupi tu, kisha shilingi mwaka 1921. Senti zenye tundu katikati, ambazo wazee wanazikumbuka, ziliendelea hadi Kenya ilipotoa sarafu zake mwaka 1966. Wanaodhani shilingi yenye sura ya Mfalme George ni utajiri watavunjika moyo. Zilizotengenezwa hadi 1946 zina robo tu ya madini ya fedha. Shilingi yenye uzito wa karibu gramu 8 ina takriban gramu 2 za fedha, na zilizofuata kuanzia 1948 hazina kabisa.

Ya kuangaliwa kwa makini ni reale ya Maria Theresa. Sarafu hii ya Austria ilikuwa pesa ya biashara ya Ethiopia, na wafanyabiashara wa pembe za ndovu waliifikia nchi ya Waturkana mwishoni mwa karne ya 19. Malkia huyo alifariki mwaka 1780, na sarafu zote zilizotengenezwa baada yake zimeendelea kuandikwa mwaka huo huo, hata zile za karne ya 20. Tarehe iliyomo haimwambii aliyeiokota lolote.

Tarehe hiyo ina uzito kisheria. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale kila kifaa kinachohamishika kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895, isipokuwa vitabu na hati. Vya kale vilivyo ardhini ni mali ya serikali. Kuvitafuta, iwe kwa kuchimba au kwa kukagua juu ya ardhi, kunahitaji leseni, na anayegundua kitu cha thamani ya kiakiolojia bila kukusudia anapewa siku 7 kuyaarifu Makavazi ya Kitaifa, akieleza alikipata wapi na katika hali gani.

Hicho kipengele cha "wapi" ndicho kinachopuuzwa zaidi. Mwaka 2010 wanaakiolojia wa Kenya na China walipata Mambrui, karibu na Malindi, sarafu ya shaba ya mfalme Yongle wa karne ya 15. Sarafu kama hizo zilitengenezwa kwa wingi mno na bei yake sokoni si kubwa. Iliyoipa hii umuhimu ni tabaka la udongo ilimokutwa. Kama ingefukuliwa na kutiwa mfukoni, isingethibitisha lolote.

Kwa Turkana kuna la kusikitisha zaidi: mali yake kubwa ya kale haina metali. Katika makaburi ya Lothagam Kaskazini, karibu na ziwa, wafugaji wa kale walizika watu wasiopungua 580 kati ya miaka 5,000 na 4,300 iliyopita, wakiwa wamepambwa kwa shanga za mawe na za maganda ya mayai ya mbuni. Mtambo ungepita juu ya kaburi kama hilo bila kutoa sauti. Lakini jembe linalofuata mlio wa kifuniko cha soda kando yake laweza kulivuruga kabisa.

Vitu vya karibuni vina sheria nyingine. Chini ya Kanuni ya Adhabu, kuchukua kitu kilichopotea huhesabiwa wizi ikiwa aliyekiokota anamjua mwenyewe, au hana sababu ya kuamini kwamba mwenyewe hawezi kupatikana. Pete yenye majina mawili ndani yake, iliyookotwa Eliye siku mbili baada ya sherehe, si ya aliyeiokota. Vivyo hivyo alagama, pete ya shingoni ya mwanamke wa Kiturkana aliyeolewa. Kijijini mwenye nayo hujulikana.

Wala ukingo wa mto si shamba lisilo na mwenyewe. Kandokando ya Turkwel, familia za Waturkana zina haki za jadi juu ya miti ya mtoni, eneo linaloitwa ekwar, ambapo maganda ya migunga hulishwa mbuzi wakati wa kiangazi. Anayechimba mashimo chini ya mti wa mtu bila kuwaona wazee atakutana nao baadaye, na mazungumzo hayatakuwa mafupi.

Ikiwa kinachotafutwa ni dhahabu, Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inataka kibali cha mchimbaji mdogo, nacho hupewa raia wa Kenya pekee. Hilo linawaacha nje wakimbizi wa Kakuma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1992, hata kama wanaishi hatua chache tu kutoka mchanga wa Tarach. Vyuma vikuukuu navyo, ambavyo ndivyo mtambo hufukua kwa wingi kuliko chochote, haviuzwi kiholela: biashara yake inahitaji leseni chini ya sheria ya mwaka 2015, na mwaka 2022 ilipigwa marufuku kwa miezi kadhaa nchini kote.

Limesalia la risasi. Kaunti hii inapakana na Uganda, Sudan Kusini na Ethiopia, imepitiwa na vikosi vya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na imeshuhudia miongo mingi ya wizi wa mifugo kwa bunduki. Maganda ya risasi ni ya kawaida. Kombora au guruneti ambalo halijalipuka hutoa mlio ule ule wa kupendeza unaotolewa na sufuria. Mchimbaji mwangalifu hufukua pembeni ya mlio kwa mkono, wala hapigi sururu juu yake. Akiona umbo la mviringo lenye kutu lililochongoka upande mmoja, huacha shimo lilivyo, huweka alama ya mawe kwa mbali, huwaondoa watoto waliokuja kutazama, kisha huenda kwa chifu au kituo cha polisi.