Jamaa ya Mafundi wa Kengele

Katika vituo vyetu vingi vya mashambani Wakristu huitwa kusali kwa mlio wa rimu ya gari iliyotundikwa mtini. Si aibu, Mungu husikia. Lakini ile kengele ya kweli iliyo mnarani hutoka wapi? Leo niwasimulie habari za jamaa moja ambayo kazi yake, tangu zamani sana, ni kuyapatia makanisa kengele.

Ni jamaa ya Marinelli, katika mji mdogo wa Agnone, milimani, nchi ya Italia. Wa kwanza wao ambaye jina lake linakumbukwa ni Nicodemo Marinelli, mnamo mwaka 1339. Tangu hapo baba humfundisha mwana, na siri za vipimo hukaa nyumbani.

Kazi yenyewe yataka subira. Fundi hujenga kwanza kiini cha matofali chenye uwazi ndani, hukipaka udongo na kuukausha kwa moto. Juu yake hutengeneza kengele ya uongo, ya udongo mtupu, yenye umbo na unene uleule unaotakiwa, kisha huibandika herufi na sanamu za nta. Halafu huifunika yote kwa udongo, tabaka juu ya tabaka. Moto ukiwashwa, nta huyeyuka na kuacha alama zake ndani ya funiko. Funiko huinuliwa, kengele ya uongo huvunjwa, funiko hurudishwa mahali pake, na katika nafasi iliyobaki ndimo madini yatakamomiminwa.

Katika kila kilo 100 za madini hayo, 78 ni shaba na 22 ni bati. Shaba twaijua sisi Wakongo kwa ajili ya Katanga, na bati kwa ajili ya mawe ya Maniema. Kila moja peke yake ni laini. Yakichanganywa huwa magumu na kupata sauti. Bati likizidi mno, kengele hupasuka upesi.

Kalibu huzikwa shimoni, na udongo hushindiliwa pande zote. Madini yanapotiririka, waliopo husali Litania ya Bikira Maria. Sidhani kama ni pambo tu la kazi. Taabu ya miezi mingi huingia shimoni kwa dakika chache, wala hakuna jicho liwezalo kuona kama ndani mmebaki tundu.

Mwaka 1924 Papa Pio XI aliwaruhusu kutumia nembo ya Papa. Heshima kubwa! Lakini nembo haizuii vita. Kati ya 1939 na 1945, kengele zaidi ya laki moja za Ulaya zilishushwa minarani na kuyeyushwa, maana shaba na bati vilitakiwa kwa silaha. Tarehe 15 Februari 1944 mabomu yaliangusha monasteri ya Mtakatifu Benedikto huko Montecassino. Ilipojengwa tena, kengele zake zilitoka Agnone.

Papa Yohane Paulo II aliwatembelea tarehe 19 Machi 1995, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, fundi naye. Jamaa ingali kazini. Kengele ikiisha kupoa hufukuliwa, udongo huvunjwa, hutundikwa, hupigwa mara moja. Na watu wote hunyamaza wasikilize.