Kiwanda kikichezewa ngoma, mtazamaji asimame wapi?

Hapa Kinsevere, karibu kilomita 30 kaskazini mwa Lubumbashi, shaba inachimbwa mpaka leo. Ndiyo maana habari za kiwanda cha zamani cha Lubumbashi zinatuhusu.

Kiwanda kile kiliyeyusha shaba ya kwanza mwaka 1911, wakati wa Union Minière. Shemine yake na mlima mweusi wa mabaki bado tunaviona. Mwaka 1967 mali ya Union Minière ikawa ya serikali, na baadaye kampuni ikaitwa Gécamines. Kazi ikaanguka. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakatoka kazini kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari.

Mwaka 2006 Sammy Baloji, mtoto wa Lubumbashi, alitengeneza filamu fupi, Mémoire. Ndani yake Faustin Linyekula anacheza katika majengo ya Gécamines yaliyoachwa, huku hotuba za wanasiasa wa zamani zikisikika. Ahadi zinapita masikioni, kutu inabaki machoni. Lakini sisi tunaona tu kile kamera ilichochagua.

Je, msanii akitaka watu waingie wenyewe? Wengi watafikiria kwanza taa na viti. Mimi nasema aanze na mlango. Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière waliogoma kudai mshahara walikusanyika kwenye uwanja wa mpira hapo Elisabethville. Tarehe 9 askari wakawapiga risasi. Makumi ya watu walikufa, na kati yao Léonard Mpoyi, kiongozi wao. Basi kuwaambia wajukuu wao wasimame pamoja ndani ya ukuta, mlinzi akiwa langoni, si jambo dogo.

Njia ya kutoka ionekane tangu mwanzo. Watu watembee, wasifungiwe mahali pamoja. Mzee aliyefanya kazi kwenye tanuru aingie wa kwanza, bila kulipa, apewe kiti. Akitaka, aonyeshe mahali aliposimama miaka yote, ndipo mchezaji akanyage hapo.

Nanyi familia mliohama makwenu mnajua neno hili. Mtu akija kutazama nyumba yenu ya zamani bila kuwauliza ninyi, anaona ukuta tu.