Urugo na Hema: Habari ya Makazi ya Warundi

Mgeni afikaye Gitega kwa mara ya kwanza huona kwamba nje ya mji hapana vijiji. Tangu kale Mrundi alijenga kilimani pake, nyumba yake ikizungukwa na ua, migomba na shamba. Ua huo huitwa urugo, na neno hilo hilo maana yake pia ni jamaa waishio ndani yake. Kupoteza urugo, basi, ni zaidi ya kupoteza paa.

Ukosefu wa makazi wa umati mzima ulikuja na umwagaji damu. Katika mauaji ya mwaka 1972 watu wapatao 150,000 walikimbilia nchi za jirani, wengi wao Tanzania, wakapewa ardhi Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Huku nyuma mashamba yao yakakaliwa na wengine. Rais Melchior Ndadaye alipouawa tarehe 21 Oktoba 1993, mamia ya maelfu walivuka mipaka; kwa watu wa Muyinga njia ya karibu ilikuwa Kobero kuingia Ngara. Waliobaki ndani ya nchi walikusanyika kambini, lakini kambi haikuwa kinga: Bugendana, karibu na Gitega, wakimbizi wa ndani zaidi ya 300 waliuawa Julai 1996.

Baada ya Mapatano ya Arusha ya Agosti 2000, Warundi wapatao nusu milioni walirejea katika muda wa miaka kumi hivi tangu 2002. Ndipo fumbo likajitokeza. Sheria ya ardhi ya mwaka 1986 ilimpa haki aliyekalia shamba kwa miaka 30. Na tangu 1972 hadi 2002 ni miaka 30 kamili! Mwenye ua alirudi akakuta mtoto wa mwingine amezaliwa, amekua na ameoa humo. Tume ya Ardhi na Mali Nyingine iliundwa mwaka 2006 kuamua kesi hizo, lakini katika nchi ya kilomita za mraba 27,834 yenye watu zaidi ya milioni 12, hukumu iliweza kumwacha mmoja nje. Nao mwaka 2015 wengine walikimbia tena.

Walimu wenzangu, darasani tunao watoto waliozaliwa chini ya hema na kujifunza Kiswahili ugenini. Wahenga walisema mwenda kwao si mtumwa. Mtoto akituuliza kwao ni wapi, hatuna budi kumfundisha historia hii yote, bila kuficha ua wa upande wowote.