Mabwawa ya Maryland na Joto la Vijito

Sheria ya jimbo la Maryland, Marekani, ya mwaka 1982 iliwataka wajenzi wadhibiti maji ya mvua yanayotiririka kutoka kwenye mapaa na barabara zao, na njia mojawapo iliyotumika sana ikawa kuchimba bwawa kando ya kijito. Nia ilikuwa njema. Wahandisi walipima wingi wa maji na kasi yake, lakini joto hawakulitia hesabuni, na kasoro hiyo ni ya zamani kuliko lami. Sensa ya 1840 ilihesabu vinu vya maji zaidi ya 65,000 mashariki mwa nchi hiyo. Maji ya ziada yaliyozuiwa kwa ajili ya vinu hivyo yalitoka kwa kumwagika juu ya ukuta, na mabwawa mengi ya mvua nayo hutoa maji yake ya juu. Hayo ndiyo yaliyopigwa na jua mchana kutwa. Yakipata moto huwa mepesi na kuelea, huku ya baridi yakibaki chini.

Mwaka 1990 John Galli, aliyefanya kazi katika baraza la serikali za mitaa za eneo la Washington, alitoa ripoti kuhusu vijito vya Maryland. Alipolinganisha njia mbalimbali za kudhibiti maji ya mvua, bwawa lenye maji ya kudumu ndilo lililopasha kijito joto kuliko zote. Kwa samaki aina ya trauti wa vijito hivyo, ambao hudhoofika maji yakizidi nyuzi 20 hivi za Selsiasi, habari hiyo ilikuwa nzito. Wapo wanaosema kwamba mkosaji ni lami, si bwawa. Ni kweli lami huyapasha joto maji ya mvua ya kiangazi, lakini joto lake hupita pamoja na mvua. Bwawa huendelea kuvujisha maji ya moto siku za jua, wakati kijito kina maji machache na hakina nguvu ya kuyapooza.

Wala sisemi mabwawa yafukiwe, kwa kuwa mafuriko na tope pia huua vijito. Bwawa la Prettyboy, lililojengwa miaka ya 1930 kwa ajili ya maji ya jiji la Baltimore, lina kina kirefu, na maji ya baridi yanayotolewa chini yake yameufanya mto Gunpowder kuwa makao mashuhuri ya trauti. Kwa hiyo mahali pa tundu la kutolea maji pana uzito kuliko kuwepo kwa bwawa lenyewe. Hata hivyo, dawa ya kutoa maji ya chini haitoshi katika mabwawa ya mitaani: mengi hayana kina cha kutunza baridi, na maji ya chini kabisa huweza kukosa oksijeni. Palipo hivyo, ni heri mvua inywewe na ardhi, ipoe humo kabla ya kufika kijitoni. Maryland iliagiza njia za namna hiyo zitangulizwe kwa sheria ya 2007, miaka 25 baada ya ile ya kwanza; ilichelewa mno, lakini ilikuwa sahihi.